Bastola Isiyokataa

Mume wangu alinunua bastola yake Louisville, mwaka 2014, baada ya watu kuvunja mlango wetu tukiwa kanisani. Walichukua televisheni, koti langu la baridi na sufuria kubwa niliyopikia maharage ya wageni. Mpaka leo sijui mwizi wa Amerika alikuwa na kazi gani na sufuria ile. Mimi nililia kwa ajili ya koti. Yeye hakulia. Alikigongomea kitasa mahali pake kwa misumari, akavuta kiti kimoja cha mezani, akakiweka kikitazama mlango, akakaa.

Aliendelea kukaa pale majuma mengi. Akirudi kutoka ghalani alikokuwa akipakia maboksi, alikuwa anakula, anaoga, kisha anakwenda kwenye kiti chake. Mimi nilikuwa nahudumia wazee majumbani kwao, na kazi yangu ilianza mapema. Kila asubuhi nilimkuta hapo hapo, kidevu kimeangukia kifuani, viatu mguuni.

Tangu binti yetu azaliwe, yeye aliniita Mama na mimi nilimwita Papa, kama watu wa kwetu wanavyofanya.

"Papa, kuja ulale kwa kitanda," nilimwambia.

"Niko nalala hapa."

"Hiyo si kulala."

"Mama, mutu akishavunja mlango na akaona hakuna kitu imemupata, anarudia. Unajua vile."

Nilijua. Sikujua kama yeye, lakini nilijua. Mimi ni mtu wa Uvira, bondeni karibu na ziwa, na vita vilitufikia tukiwa tayari tumekimbia. Yeye alikuwa mtu wa milima ya juu, wa ng'ombe na baridi na ukungu, na kwao vita viliwakuta nyumbani. Habari ile aliwahi kunisimulia mara moja tu, kambini Burundi, kabla hatujaoana, kana kwamba alitaka nijue naolewa na nani kisha asiulizwe tena.

Kaka yake mkubwa alikuwa na bunduki. Aliinunua kwa askari mmoja aliyetoroka jeshini, bunduki kuukuu, kitako chake kimefungwa kwa waya. Hapakuwa na mafuta ya bunduki kule juu, kwa hiyo walikuwa wanaipaka siagi ya ng'ombe. Kaka mtu aliipenda, akaining'iniza juu ya kitanda, na nyumba nzima ikalala ikiamini kwamba wana bunduki. Siku washambuliaji walipotokea upande wa mto, kaka alikimbia nayo hadi kwenye lango la zizi, akalenga, akafyatua. Ikalia tiki. Akaivuta, akaigonga, akafyatua tena. Tiki. Mume wangu alikuwa kijana bado, amelala kifudifudi kwenye mianzi, na mama yao alimkalia mgongoni asiinuke. Aliona yote. Alichosema kwangu kuhusu kifo cha kaka yake ni maneno machache sana: "Hata hakukimbia. Alibaki anairekebisha."

Basi kule Louisville, alipoanza kusema habari ya bastola, nilijua hatuzungumzii televisheni.

Mwanzoni nilikataa kabisa. Nilimwambia nimekulia kambini, na bunduki zote nilizowahi kuziona zilikuwa mikononi mwa watu waliotufukuza mahali fulani. Nikamwambia kuna mtoto ndani. Hakubishana. Alisema tu atakwenda kuangalia.

Mwenzake wa kazini, Mmarekani, akamchukua siku ya mapumziko wakaenda kwenye ukumbi wa kulenga shabaha. Alimpa bastola yake ndogo ya bei rahisi, ile ya kupakia risasi kwenye mpini. Risasi ya kwanza ilitoka. Ya pili ikakwama, ganda la shaba likang'ang'ania nusu ndani nusu nje. Yule rafiki akacheka, kwa sababu kwake ni jambo la kawaida. Mume wangu aliiweka chini taratibu, akatoka nje. Rafiki alipomfuata alimkuta ameketi chini kati ya magari mawili, ameshika kichwa. Ndiye aliyemleta nyumbani. Alisimama mlangoni akiwa na wasiwasi, akaniambia pole pole, ili nielewe Kiingereza chake, kwamba mume wangu si mgonjwa, ila labda angefaa kununua rivolva, bastola yenye kuzunguka katikati, tena iliyotengenezwa vizuri, na kama hana uwezo wa nzuri basi asinunue kabisa.

Yule rafiki alipokwisha kuondoka, nilimchemshia mume wangu chai.

"Nataka moja tu, Mama," alisema. "Moja isiyokataa. Nikiwa nayo, nitalala."

Nilitazama kile kiti pale mlangoni. Nikamwambia sawa. Nikamwambia tutakwenda wote.

Duka lilikuwa kwenye barabara pana, kati ya muuza magodoro na mahali pa kubadilisha matairi. Nilitarajia mahali pa kutisha. Palikuwa kama duka la saa: meza za kioo, taa nyeupe, zulia. Muuzaji alikuwa mzee mwenye kifaa cha kusikia sikioni, na labda kwa sababu hiyo alitusikiliza vizuri kuliko watu wengi wa Amerika tuliokutana nao. Aliinama, akatega sikio lake zuri, akangoja mume wangu amalize kila sentensi.

Alitoa rivolva moja nyeusi, yenye mpini wa mbao, akaifungua. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona vizuri kitu kile kinachozunguka katikati, silinda yenye matundu ya kukalia risasi. Ilikuwa tupu. Aliizungusha kwa kidole gumba, ikatoa sauti laini, kama cherehani inayotunzwa.

"Risasi ikikataa?" mume wangu aliuliza kwa Kiingereza chake cha ghalani.

"Vuta tena," mzee alijibu. "Silinda inazunguka, inaleta nyingine. Hakuna kitu cha kurekebisha."

"Na hiyo ingine ikikataa?"

"Vuta tena."

Mume wangu alinigeukia akanitafsiria, ingawa nilikuwa nimeelewa. "Anasema hakuna kitu ya kurekebisha," aliniambia, na uso wake ulikuwa uso ambao sikuwa nimeuona tangu siku walipotuita majina kambini, kwamba tunasafiri kuja Amerika.

Ilichukua muda mrefu kabla hajaweza kuinunua. Alifanya saa za ziada, akaacha kununua soda kazini, akabaki na viatu vile vile. Muuzaji aliwahi kumwonyesha nyingine za bei ya chini, akazirudisha mwenyewe bila kuambiwa, maana aliona mume wangu hazitazami. Siku alipoichukua, mzee alipiga simu huko wanakopiga kuuliza kama mtu ana makosa, wakamjibu hana. Mume wangu alisimama wima kwa muda wote ule, mikono nyuma, kama mwanafunzi anayesubiri matokeo. Aliposikia kwamba ameruhusiwa, alimshukuru mzee kwa mikono miwili.

Tulikwenda moja kwa moja kwenye ukumbi wa shabaha. Mimi nilikaa nyuma ya kioo na vitu vya kuziba masikio. Nilimwona anasimama, anapumua, anainua mikono. Alifyatua. Akangoja. Akafyatua tena, akangoja, kama mtu anayebisha hodi na kusikiliza kama kuna watu ndani. Zote zilitoka. Alipakia tena, zote zikatoka. Ile karatasi ya kulengea hakuitazama hata kidogo. Mpaka leo sijui kama aliipata. Kisha akaiweka bastola mezani, silinda imefunguliwa kama alivyofundishwa, akaweka paji la uso juu ya ile meza ya mbao, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Msimamizi alimkimbilia akidhani ameumia. Na mimi nikaingia.

"Papa, watu wako nakuangalia."

"Yote imelia," alisema. "Mama, yote. Hakuna hata moja imekataa."

Mtu aliyefika hapo wakati ule angesema huyu ni mtu anayependa bunduki. Hakuzipenda. Hakuibeba kiunoni hata siku moja, hakuwaonyesha wageni, hakupiga nayo picha kama vijana wengine wa kwetu. Aliiweka kwenye sanduku la chuma lenye kufuli, juu kabisa ya kabati, na ufunguo akautunza kwenye kamba shingoni. Jumamosi moja moja, mimi na binti tukiwa sokoni, aliisafisha kwa kitambaa na mafuta. Nilikuwa nikirudi nahisi ile harufu, naye tayari ameifungia na anaosha mikono.

Lakini alilala. Jioni ile ile tuliyotoka kwenye shabaha alikirudisha kiti mezani, akavua viatu, akaingia kitandani, akaanza kukoroma kabla sijazima taa. Alikuwa mtu wa kukoroma sana, na mimi nilikuwa nimesahau. Binti yetu alilalamika kupitia ukutani, kwa Kiingereza, kwamba papa anapiga kelele kama trekta. Nilimwambia anyamaze, amwache baba yake apige. Nilikuwa nimelala macho wazi gizani, nimefurahi mno. Ile bastola sikuacha kuiogopa, lakini tangu siku hiyo niliishukuru, na mambo haya mawili yalikaa ndani yangu pamoja bila kugombana.

Mwaka uliofuata tulihamia Columbus. Watu wengi wa kwetu walikuwa wanahamia huko. Maghala yalikuwa mengi na malipo yalikuwa bora. Tulipata nyumba ya kupanga Reynoldsburg, pembeni mwa jiji, ghorofa ya pili, dirisha linatazama maegesho ya magari na mti mmoja. Sanduku lilipanda juu ya kabati jipya. Nadhani huo ndio wakati tuliokuwa na furaha kupita wakati wowote. Kanisani walimpa mume wangu kazi ya kupanga viti. Alijifunza kuchoma nyama nje kama Wamarekani. Akaanza kusema habari ya kununua nyumba, na kama angeona nyumba yenye uwanja, angepunguza mwendo wa gari na kuuliza, "Unaona mbuzi hapa, Mama? Hata wawili tu?"

Kisha akaanza kuchoka. Tulidhani ni kazi. Suruali zikawa kubwa kwake, naye akatoboa tundu jipya kwenye mkanda kwa msumari wa moto, akafanya mzaha. Siku moja ya jua, akiwa amesimama kwenye nyama zake pale nje, nilimtazama usoni nikaona kwamba weupe wa macho yake umegeuka kuwa njano.

Hospitalini waliweka simu juu ya meza ili mkalimani atafsiri kutoka mbali. Daktari, mwanamke kijana, alizungumza kwa sauti ya chini, akinyamaza kila baada ya maneno machache. Sauti ya mwanaume kwenye simu ilitoa Kiswahili safi, cha watu wa pwani, kama cha redio.

"Daktari anasema vipimo vimeonyesha saratani ya ini," alisema. "Na anasikitika kukufahamisha kwamba imeenea."

Mume wangu alinitazama. Mimi nilimtazama yeye.

"Saratani ni nini?" aliiuliza ile simu.

"Ni ugonjwa, mzee," mkalimani alijibu. "Ni… ni uvimbe mbaya."

Kwetu neno hilo hatuna. Sisi tunalo lile ambalo Kifaransa kilituachia. Binti yetu alikuwa ameketi karibu na dirisha, begi la shule magotini. Siku hiyo nilikuwa nimemchukua shuleni kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumpokea. Yeye alikuwa amesikia kwa Kiingereza kabla yetu sote. Alikuwa amelijua lile neno muda wote ambao sisi tulikuwa tunamhoji mtu wa kwenye simu.

"Kansere, papa," alisema. Kisha akauficha uso wake ndani ya begi.

Mume wangu alinyanyuka kwenye kitanda cha kupimia wagonjwa, karatasi iliyotandikwa juu yake ikachanika, akaenda kupiga magoti mbele ya mtoto. Hakumuuliza daktari kitu kingine. Mimi ndiye niliyeuliza, na majibu yalikuwa yale ambayo watu hupewa. Walisema ugonjwa ulianza na maradhi ya ini ambayo pengine aliyapata utotoni na kutembea nayo miaka yote, milimani, kambini, ndani ya ndege, bila kuyajua.

Sitasimulia kila kitu cha majira yale ya baridi. Aliacha kazi. Kanisa lilituletea chakula mpaka friji ikakataa kufungwa. Muuguzi alikuja nyumbani na dawa za maumivu, na kwa muda dawa zilitosha, halafu hazikutosha.

Alasiri moja alikuwa kwenye kiti cha dirishani, amefunikwa blanketi, theluji inayeyuka juu ya magari. Binti alikuwa kwa jirani. Mume wangu aliniita nikaketi, akavua ile kamba shingoni, akanipa ufunguo.

"Mama, ile sanduku. Toa ndani ya nyumba."

"Kwa nini? Haijasumbua mutu."

"Toa tu."

"Papa, niambie."

Alikuwa anazungumza huku akiangalia nje. "Maumivu ikikuja, niko naiwaza. Siko nataka, lakini inakuja tu kwa akili. Niko nawaza vile haikatai. Ingekuwa ile ya kaka yangu, singeogopa. Lakini hii naijua. Hii ni ya kuaminika."

Nilitaka kupiga kelele. Nilimshika tu mguu chini ya blanketi, maana ndio uliokuwa karibu, na ulikuwa mfupa mtupu.

"Nataka kufa yangu," alisema. "Ile Mungu amenipangia. Siko nataka mtoto asikie ile sauti. Donc, basi, nisaidie. Toa."

Niliupokea ufunguo. Nikampigia simu muuguzi, nikamweleza yote kwa Kiingereza changu kibovu, bila kuona haya. Akaja jioni ile ile akaongeza dawa, akakaa naye wakizungumza kwa muda mrefu. Na kabla yake alikuja shemasi wa kanisa letu, ambaye naye nilimpigia, mtu wa Uvira kama mimi, moja kwa moja kutoka kazini, bado amevaa kizibao chake cha rangi ya kung'aa. Nililitelemsha lile sanduku kutoka juu ya kabati. Lilikuwa zito kuliko nilivyodhani. Miaka ile yote sikuwahi kulibeba.

"Shemasi," mume wangu alimwambia, "usinirudishie. Hata nikikuomba. Hata nikikudanganya kwamba nimepona."

"Sitarudisha, ndugu yangu."

"Apa."

"Biblia inatukataza kuapa," shemasi alijibu, "lakini sitarudisha."

Wote wawili wakacheka kidogo. Kilikuwa kicheko cha mwisho nilichosikia kwa mume wangu, kwa hiyo nakikumbuka vizuri, jinsi kilivyokatwa na kikohozi.

Na kweli aliomba irudishwe. Mimi nilikuwa jikoni, nikamsikia anazungumza na shemasi kwa simu, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeulizia nyundo aliyoazima. Sikujua niingie au nibaki. Baada ya muda shemasi alibisha hodi. Hakuleta sanduku. Alileta mkate, akavua viatu, akaketi sakafuni kando ya kile kiti, akaanza kuimba nyimbo za milimani ambazo alikuwa hazijui sawasawa, anazikosea makusudi au bila makusudi, hadi mume wangu akashindwa kuvumilia na kuanza kumsahihisha. Waliimba mpaka giza lilipoanza kuingia. Baada ya siku ile hakuomba tena.

Alikufa asubuhi, binti akiwa shuleni. Aliniambia miguu ina baridi. Nilimpaka mafuta, nikamvalisha soksi, nikawa nazisugua. Alisema, "Hapo hapo." Niliendelea kusugua. Nilipoinua macho kumuuliza kama inatosha, alikuwa amekwenda. Mikono yangu iliendelea kusugua kwa muda, kwa sababu haikuwa imepata habari.

Baada ya maziko na siku za watu kujaa nyumbani, nyumba ilinyamaza. Shemasi alikuja na sanduku ndani ya gunia la mchele, ili majirani wasishangae, akaliweka mezani.

"Bon, basi," alisema, "hii ni mali yako sasa. Sikutaka kuamua mimi."

Dada yangu mkubwa, ambaye kwetu tunamwita yaya, alikuwa akiishi Buffalo. Yeye na mumewe walikuwa wamenunua nyumba kuukuu ya mbao huko Black Rock, karibu na mto, nyumba ambayo hakuna mwingine aliyeitaka. Alinipigia kila siku.

"Kuja huku. Utakaa peke yako na mtoto mpaka lini?"

"Nitakuja, yaya."

"Na ile kitu ya bwana yako? Usithubutu kuleta. Sheria za jimbo hili la New York ni kali. Bila kibali chao, unaingia gerezani, na mtoto atabaki na nani?"

Ndugu mmoja wa kanisani aliposikia alitaka kuinunua. Alikuwa mtu mzuri, mwenye watoto wadogo na mlango uliowahi kuvunjwa. Alisema maneno ambayo nilikuwa nimekwisha kuyasikia: akiwa nayo, atalala. Sikumlaumu. Lakini nilishindwa. Nilimwona moyoni amelala vizuri, kama mume wangu, nikaona na ile alasiri ya dirishani, na sikuweza kumpa usingizi ule bila kumpa na alasiri ile. Nilimwambia anisamehe.

Nilipiga simu polisi kwamba nataka kuisalimisha kwao, wakanieleza: isiwe na risasi, iwe ndani ya buti la gari, na nisiiingize ndani ya kituo mpaka wao waseme. Shemasi aliendesha. Binti alikaa nyuma na vitu vyake vya kusikilizia masikioni, ingawa hakukuwa na muziki. Nilijua, kwa sababu waya wake ulikuwa haujachomekwa kwenye simu.

Kituoni polisi mmoja alitoka nje, akafungua sanduku, akafungua silinda, akaitazama kwenye mwanga. Alikuwa kijana. Akaniuliza kama ni yangu, nikasema ni ya mume wangu aliyefariki. Akaniuliza kama nina hakika nataka kuitoa. Alisema kitu chenyewe ni kizuri, kimetunzwa, naweza kukiuza dukani.

"Inafanya kazi?" aliuliza, ili aandike.

Nilifungua mdomo kujibu ndiyo. Ni neno dogo, hata mtu mgeni kabisa katika Kiingereza analijua. Halikutoka. Sikuwa nimelia hospitalini, wala kaburini sikulia kama wanawake wenzangu walivyotarajia. Walikuwa wamenong'ona juu ya jambo hilo. Nililia pale, kwenye maegesho ya polisi, mbele ya buti la gari lililo wazi, kwa ajili ya chuma ambacho sikuwahi kukitaka. Nililia mpaka nikakaa chini. Yule kijana naye akachuchumaa, hakujua aweke wapi mikono yake. Shemasi ndiye aliyejibu badala yangu.

"Haijakataa hata siku moja," alisema.

Niliporudi ndani ya gari binti aliniuliza kwa Kiingereza kama imekwenda. Nikamwambia imekwenda. Aliniegemea begani kutoka kiti cha nyuma, akajipinda mpaka shingo ikamuuma, na akabaki hivyo hadi nyumbani.

Tulihamia Buffalo kabla ya baridi. Nyumba ya yaya ina ngazi zinazolia na madirisha yanayopitisha upepo wa mtoni. Nilipata kazi katika nyumba ya kutunza wazee; naamka mapema, napanda basi, nawaosha, nawalisha, nawageuza. Jumapili tunakwenda kanisani, mtaa wa West Side. Watu huniuliza habari yangu nami husema nashukuru. Usingizi wangu si mzuri. Nimezoea kusema ni upepo.

Wakati mmoja, yaya akiwa kazini, nilikuwa napika maharage na binti anakata vitunguu. Akaniuliza, kwa Kiingereza, bila kuinua macho, mimi na baba yake tulikutana wapi. Hakuwahi kuuliza. Nikagundua kwamba sisi wenyewe hatukuwahi kumwambia. Habari zetu zote tulizompa zilikuwa za kukimbia.

Nikamwambia ilikuwa kambini, kwenye foleni ya maji. Kwamba wasichana wa bondeni na watu wa milimani hawakuwa wakizungumza sana. Kwamba kulikuwa na kijana mmoja mrefu, mwembamba, mwenye dumu la njano, ambaye kila mara alikuwa anaruhusu watu wampite, akina mama, watoto, yeyote, anawaambia tafadhali pita, pita, na wote wanamsifu kwa adabu yake, mpaka anajikuta amesimama nyuma yangu. Kisha hasemi neno. Anabeba maji yake, anakwenda.

"Muda gani hakusema?" binti aliuliza.

"Mrefu sana," nikamwambia. "Mpaka nikageuka mimi. Nikamwuliza, wewe unaogopa nini?"

Alicheka, kisu mkononi, macho yamejaa machozi ya vitunguu. Akauliza baba alijibu nini.

Nilikuwa nalikumbuka jibu lenyewe, neno kwa neno, na sauti yake, na jinsi alivyohamisha dumu kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Nilifungua mdomo, likakataa kutoka. Maharage yalikuwa yameanza kushika chini, harufu ikajaa jikoni. Binti yangu alinyoosha mkono akazima jiko, akafuta kisu, akavuta kiti karibu nami, akakaa, akangoja.